Chini ya Flaski

Taka-taka-taka. Kifuniko cha sufuria kilitetemeka gizani, nikakisogeza haraka kisije kikamwamsha mtoto. Stima ilikuwa imepotea Makongeni nzima. Mwali wa gesi ulinitosha kuona maziwa yakipanda na kijiko changu kikiyarudisha chini. Saa kumi na moja ya alfajiri haikuwa imefika, na mimi nilikuwa nimesimama jikoni miguu mitupu, nikimpikia chai mtu ninayemchukia kuliko wote katika Thika na Ruiru.

Niliipika vizuri. Tangawizi niliiponda mwenyewe, majani sikuyabania, maziwa hayakuwa na maji mengi. Ilipoiva nikaiepua na kuiacha wazi ipoe kidogo kabla ya kuifunga kwenye mtungi uliozungushiwa blanketi, kwa sababu nilikuwa nimepiga hesabu yangu: ikifika saa nne ilitakiwa iwe vuguvugu, ya kunywewa na mtoto. Sikutaka kumchoma Gachanja. Mimi ni mzazi, najua maji moto hufanya nini kwa ngozi. Nilitaka kumlowesha tu, mbele za watu, akiwa ndani ya suti.

"Mami," Akoth aliita kutoka kitandani. "Hiyo chai ni ya nani?"

"Lala. Ni ya Bwana Gachanja."

Nikasikia blanketi likisogea. "Ni yule wa ofisi si nasari?"

"Ndiye huyo."

"Usimwekee sukari."

"Nimeweka," nikamwambia. "Tena nyingi. Sukari hunata."

Akacheka ndani ya blanketi, ingawa sidhani alielewa. Ana miaka sita. Miezi saba ilikuwa imepita, na bado alimjua yule mtu kwa maneno aliyomwambia mama yake. Basi mimi niliyeambiwa ningeyasahau vipi?

Nianze na ofisi yenyewe. Iko Ruiru, orofa ya pili, juu ya duka la mabati na saruji. Ni ofisi ya pamoja: Gachanja ana ukumbi mmoja mkubwa wenye meza thelathini, na kila mtu anakodi meza yake, wa siku kwa siku, wa mwezi kwa mwezi. Utamkuta kijana aliyemaliza chuo kule Juja akiandikia watu wa ng'ambo, mama anayeuza maparachichi kwa simu, wakili asiye na chumba. Mimi niliajiriwa kufagia, kupangusa meza na kuchemsha chai.

Mwezi wangu wa kwanza kazini nilishangaa. Watu thelathini chini ya paa moja na hakuna salamu. Kila mmoja amejiziba masikio. Mtu akipiga chafya, hakuna wa kumwambia pole. Nikasema moyoni, Ngai, hawa wanaishi kama viatu dukani, viko kwa jozi lakini havijuani.

Kwetu ni Ngoliba, chini huko kwenye jua kali. Maji ni ya tangi moja, na wanawake hupiga foleni. Mama yangu ndiye aliyekuwa akishika mfereji, na alikuwa na sheria yake. Hujazi mtungi mpaka useme jirani yako ameamkaje. Si wewe, jirani yako. Ukisema sijui, unarudi nyumbani kwake kwanza ukamwangalie, mtungi wako unabaki ukilinda nafasi. Watu walilalamika, lakini kule kwetu hakuna mzee aliyewahi kuugua siku mbili bila mtu kujua.

Nikaipeleka sheria hiyo Ruiru. Saa nne kamili ninaweka flaski kwenye meza ndefu ya kando ya dirisha. Ukitaka chai, njoo. Lakini hupewi kikombe mpaka useme mtu aliyekaa karibu nawe anafanya kazi gani leo, na amekwama wapi. Usipojua, geuka umuulize.

Walicheka. Yule wakili akasema, "Ngendo, wewe ni askari au mpishi?" Nikamwambia, "Mimi ni mwenye flaski." Ikabidi ageuke aulize. Kufikia Pasaka mama wa maparachichi alikuwa amepata wa kumchorea nembo, na kijana wa Juja amepata wakili wa kumsomea mkataba. Mulei, yule Mkamba mpole wa meza ya pembeni, alipofiwa na ndugu yake kule Kitui, watu kumi na wanne walikwenda kumzika. Kumi na wanne! Gachanja alipiga picha za ile meza, akaziweka mtandaoni. Wageni wakaanza kuja kuitazama saa nne kama watu wanaotazama wanyama mbugani.

Na flaski ilikuwa yangu. Birika la ofisi lilitosha vikombe viwili. Hiyo flaski ya lita tatu, ya bluu, nililetewa siku ya itega yangu, Akoth alipozaliwa, wakati wanawake wa chama cha mama walipokuja na vyombo vya kunisaidia kuanza ulezi. Uji wa kunipa maziwa uliwekwa humo. Nilikuwa ninaamka kunyonyesha na kuukuta bado moto, nikamshukuru kila aliyeichangia.

Jambo moja kuhusu vyombo vya chama. Huwa vinaazimwa, mara mazishini, mara harusini, na vikirudi vinachanganyika. Kwa hiyo kila mwanamke huandika jina lake chini ya chombo kwa rangi ya kucha. Vyangu vyote nimeviandika kwa nyekundu, NGENDO, herufi kubwa. Haionekani chombo kikiwa kimekaa. Anayeosha ndiye anayeiona. Akoth alijifunza kusoma hapo, akisimama juu ya kigoda nikiosha vyombo, ninamgeuzia sufuria anapitisha kidole hewani: N, G, E. Neno la kwanza alilosoma maishani mwake ni jina langu. Na mimi wakati huo nilikuwa ninasoma masomo ya jioni, nikitafuta cheti nilichokikosa nilipopata mimba yake. Tulikuwa tunasomeana.

Kitu kingine: kifuniko cha hiyo flaski ni kibovu. Akoth aliiangusha akiwa na miaka miwili, mpira wa ndani ukachanika. Ukimimina lazima ukishikilie kwa kidole gumba, la sivyo kinafunguka chenyewe. Mimi nilikuwa ninafanya hivyo bila kufikiri.

Sasa lile la Januari, mwaka uliofuata. Akoth aliamka anaumwa na sikio. Opiyo, baba yake, alikuwa zamu ya mchana kiwandani huku Thika, wala si kiwanda cha kuomba ruhusa. Nikambeba mtoto mpaka Ruiru, nikamlaza kwenye mkeka ndani ya stoo, karibu na mifagio. Alivumilia, maskini. Lakini saa nne ilipofika, meza imejaa, na Gachanja ameleta wageni watatu wa kutoka Nairobi, sikio likamchoma akalia mara moja. Mara moja tu.

Gachanja akafungua mlango wa stoo. Akamtazama mtoto, akanitazama, kisha akawatazama wageni wake na kucheka kidogo, kama mtu anayeomba radhi kwa ajili ya mbwa.

"Ngendo," akasema, "hii ni ofisi, si nasari."

Akoth alinyamaza papo hapo. Hilo ndilo lililonikata, kunyamaza kwake. Alidhani ni yeye aliyekosa.

Kesho yake askari wa mlangoni, mzee Wanyoike, hakuweza kuniangalia usoni. "Mami, nimeambiwa usipande." Nikamwomba basi aniletee flaski yangu. Akapanda, akashuka mikono mitupu. "Anasema vitu vya jikoni ni vya ofisi." Nilirudi mara mbili. Mara ya pili Wanyoike alitaka kulia, nikamhurumia, nikaenda zangu.

Ningeweza kuiacha hapo. Watu huiba flaski. Lakini mwezi wa tano mwalimu wangu wa jioni, Mwalimu Mwau, alituletea tangazo. Chama cha wenye ofisi za pamoja kilikuwa na chumba hapa Thika, chini ya jengo moja karibu na Eneo la Viwanda, na kingempa mtu mwaka mzima aanzishe ofisi yake, mradi aonyeshe mbinu bora ya kuwafanya watu wawe jamii. Nilisoma lile tangazo nikahisi mtu ameniita kwa jina. Niliandika jioni nne. Niliandika meza kumi na moja, na upande wa pili wa kioo mkeka, vitabu, na mtu wa kuangalia watoto, ili mama aliye na kazi aone mtoto wake kila akiinua kichwa. Niliandika chai ya saa nne na sheria ya tangi la Ngoliba. Mwalimu Mwau alisahihisha vituo tu. Akasema, "Hii hata mimi ningekupa."

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili, limetiwa sahihi na mwenyekiti, Bi. Wangechi. Nalijua kwa moyo. "Mbinu unayoieleza imeigwa kutoka kwa kampuni inayojulikana ya Ruiru. Tunakushauri ujaribu kuwa mbunifu."

Niliigwa mimi, nikaambiwa nimeiga.

Kisasi kilichozaliwa pale stoo sasa nikakilea kama nilivyomlea Akoth, kwa saa, na kikilala ninakiamsha kikanyonye. Nikikata sukuma wiki ninamkata Gachanja. Kichwani nilimwekea chumvi kwenye chai mara mia, nilimtoboa magurudumu, nilimwita mwizi mbele ya kanisa lake. Opiyo aliniambia, "Ngendo, utaugua." Nikamwambia, "Nitapona siku yake." Na usidhani niliacha kuwa na matumaini. Mtu asiye na matumaini halipizi kisasi, hulala tu.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe, Mulei akanipigia simu.

"Mama Akoth, umesikia? Kongamano la ofisi za pamoja linafanyika hapo kwenu Thika. Gachanja ndiye wa kwanza kuongea. Ataonyesha chai ya saa nne jukwaani, na sisi watatu tumeteuliwa kukaa mezani kama maua. Wanataka kumpa kile chumba."

Nikakaa chini.

"Na anakuja na flaski yako. Anasema ilikuwa ya cucu wake."

"Ya nani?"

"Ya cucu, nyanya yake. Amezoea kuisimulia, mpaka machozi yanamlengalenga."

Hapo ndipo mpango ulipoingia, wote kwa pamoja, kama mgeni anayejua njia ya jikoni. "Mulei," nikamuuliza, "amewahi kuiosha?"

Mulei akacheka mpaka akakohoa. "Gachanja? Aoshe flaski? Tangu uondoke imekaa kwenye rafu ya ofisi yake, haijaguswa na maji."

"Basi usimwambie mtu. Na akikaa, kaa karibu naye. Wewe, si mwingine."

"Mwezi huu ukiisha narudisha ufunguo wa meza na kuhama hata hivyo," Mulei akasema. "Sina cha kuogopa. Nitakaa."

Chakula cha kongamano kilikuwa cha Wilkister, jirani yangu wa Makongeni, anayepikia watu sherehe. Nilimwomba aniajiri siku moja tu, kwa chai. Aliniangalia kwa jicho moja. "Wewe hunitaki mimi, unataka kitu. Lakini chai yako naijua. Kuja."

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Akoth alikuja nami. Nilimvika lile gauni la njano. Hoteli iko upande wa mto Chania, ukumbi wake una zulia linalomeza viatu. Juu ya jukwaa waliandika kwa herufi ndefu kuliko mtu: ROHO YA JUMUIYA. Watu mia mbili, wa Nairobi, Nakuru, Eldoret, kila mmoja na kadi shingoni, wanapeana mikono wakisoma vifua vya wenzao.

Saa tatu na nusu sekretari wa Gachanja aliingia jikoni amekumbatia flaski ya bluu. "Hii ijazwe, ni ya jukwaani. Tafadhali muiangalie, ni kumbukumbu ya familia."

"Tutaiangalia," nikasema.

Alipotoka nikaigeuza. Chini kulikuwa na vumbi kidogo, la miezi saba. Nilipangusa kwa aproni. NGENDO. Nyekundu ilikuwa bado imekolea. Nikapitisha kidole juu ya kila herufi, na nikakumbuka uji.

Wilkister alikuwa nyuma yangu. "Wee! Kumbe ni hiyo? Si uifunge kwenye leso twende nayo nyumbani! Mwizi akikuletea kitu alichokuibia ukijaze, huyo ni Mungu amekuletea."

"La," nikasema. "Nataka aigeuze yeye mwenyewe."

"Aigeuze ikiwa na chai?"

Nikafungua mtungi wangu nikaijaza mpaka shingoni. Chai ilikuwa vuguvugu kama nilivyotaka, na utandu mzito wa maziwa juu. Nikarudisha kifuniko, nikakiweka taratibu, bila kukikaza kwa nguvu.

Wilkister akaangalia mkono wangu, akaangalia uso wangu. "Mama Akoth," akasema polepole, "nikikukosea siku moja, niambie mapema nihame."

Nilimkalisha Akoth juu ya kreti ya soda kando ya mlango wa ukumbi. "Usitoke hapa. Na usipige kelele."

"Kwa sababu si nasari?"

"Kwa sababu nimekuomba," nikamwambia.

Gachanja alipanda jukwaani kwa suti ya rangi ya maziwa. Nasema kweli, ya rangi ya maziwa. Nilitazama juu nikamshukuru aliyeishona. Meza ya duara ilikuwa imewekwa, vikombe vinne, Mulei kulia kwake, wengine wawili kushoto. Nikaingia na flaski, aproni na kitambaa kichwani. Hakuniona. Watu kama yeye huona kikombe, hawaoni mkono unaokileta.

"Marafiki," akaanza, "jumuiya hainunuliwi. Jumuiya inamiminwa." Watu wakaandika. "Mnaona hii flaski?" Akaipapasa ubavu. "Ilikuwa ya cucu wangu, Cucu Waruguru wa Gatundu. Alikuwa akitukusanya sisi wajukuu, na hakuna aliyepata kikombe mpaka aseme hali ya ndugu yake. Si yake! Ya ndugu yake. Nilipofungua Ruiru, nikasema, hii ndiyo nitawapa watu wangu."

Alimvua mama yangu maneno mchana kweupe, akamvika cucu wake. Safu ya mbele Bi. Wangechi mwenyekiti, mama mnene mwenye faili mapajani, akatikisa kichwa kwa huruma. Kidole changu gumba kilikuwa juu ya kifuniko, kimeshikilia.

"Sasa tuonyeshe," Gachanja akasema. "Madam, karibu utumiminie."

Nikammiminia wa kwanza baada ya kusema jirani yake anafanya nini. Nikammiminia wa pili. Mulei naye akasema ya mwenzake, nikammiminia. Nikafika kwa Gachanja, nikasimamisha mkono.

"Boss, kabla sijakumiminia. Jirani yako anafanya kazi gani?"

Ukumbi ukacheka, wakidhani ni sehemu ya maonyesho. Yeye akainua macho akanitazama, mara ya kwanza. Tabasamu lilibaki kwenye meno, macho yakaondoka.

"Aah... Mulei! Mulei ni mtu wetu wa kompyuta."

"Sisi wote tuna kompyuta, boss," Mulei akasema ndani ya maikrofoni, kwa ile sauti yake ya upole. "Mimi hutengeneza programu za mazishi. Picha, wasifu, nyimbo. Ile ya cucu wako, Desemba, niliitengeneza mimi. Kurasa kumi na mbili. Ulinirudishia mara tano kupitia kwa sekretari. Meza yangu iko hatua sita kutoka mlangoni kwako."

"Woooi," mtu akasema nyuma kabisa.

Ukweli ni kwamba kwa watu wa kawaida hiyo ingetosha. Mulei alidhani imetosha, nilimwona akishusha mabega. Lakini mimi nilikuwa nimelea changu miezi saba, na mtoto wa miezi saba hashibi kwa kijiko kimoja.

Gachanja naye hakuwa mjinga. Akacheka, akampiga Mulei begani. "Mnaona? Hata boss anajifunza! Bado sijapewa kikombe, sheria ni sheria." Watu wakapiga makofi. Alikuwa anawarudisha mkononi mmoja mmoja, nikiona. "Lakini roho yenyewe ni hii hapa." Akapapasa tena flaski yangu.

"Ni flaski nzuri," nikasema. "Cucu alikuwa kwenye chama?"

"Chama? Cucu alikuwa kwenye vyama vyote vya Gatundu!"

Kicheko. Akafurahi.

"Basi jina lake litakuwa chini. Wamama wa chama huandika."

"Kweli kabisa!" Bi. Wangechi akasema kutoka kitini, uso umemchangamka. "Ya mama yangu ina rangi ya kucha mpaka leo. Tuonyeshe, Gachanja, tumwone cucu."

Nilimwona akifikiri. Ilichukua muda wa pumzi moja. Hakuwahi kuiosha, hakujua kama kuna kitu au hakuna, na kukataa kungeonekana vibaya. Kukiwa hakuna, angesema rangi imefutika, angelia kidogo. Akaichukua mikononi mwangu. Aliinyanyua kwa mikono miwili juu ya kichwa, kama mtu aliyeshinda kombe.

Nilikuwa na nafasi. Nataka niseme wazi kwamba nilikuwa na nafasi ya kumwambia, shikilia kifuniko. Nilihesabu moja, mbili. Nikarudi hatua moja nyuma ili viatu vyangu visilowe.

Akaigeuza.

Chai ilishuka yote kwa mkupuo mmoja. Ilimwingia kwenye mikono ya koti, ikatokea kiunoni, ikajaza viatu. Utandu wa maziwa ukamkalia kwenye tai kama kitambaa cha kujipangusia. Maikrofoni iliyokuwa kifuani ikakoroma mara mbili, ikafa.

"Pole!" Wilkister akapaza sauti kutoka mlango wa jikoni, na hakukuwa na pole yoyote ndani ya hiyo pole.

Kicheko kilianzia nyuma kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Nilikunywa kile kicheko. Sitasema uongo, nilikisikia kikishuka mpaka tumboni, kitamu, na nikataka kiendelee. Gachanja alikuwa amesimama palepale, ameinua flaski juu chini, hajui aishushe au aitupe, akitiririka. Mwanamume mzima. Nikamtazama na nikawaza: sasa unajua kulia mara moja tu mbele ya wageni kukoje.

Kisha kicheko kikaanza kukatika, kuanzia safu ya mbele. Watu hawakuwa wanaangalia suti tena. Walikuwa wanaangalia juu yake.

"Nini?" Gachanja akasema. "Nini?" Hakuweza kuona. Yeye alikuwa upande wa chai.

Bi. Wangechi alikuwa anapapasa mkoba akitafuta miwani. Haikupatikana. Akainua faili lake, akalifungua mapajani, akapitisha kidole kwenye majina ya walioomba kile chumba, kama mtu anayekumbuka ombi lililotaja chai ya saa nne. "Nisomeeni," akasema. "Macho yangu ni ya karibu tu. Imeandikwa nini hapo?"

Safu ya mbele ilikuwa ya marafiki wa Gachanja. Walisoma, niliona midomo yao ikisoma, kisha kila mmoja akapata kitu cha kuangalia kwenye simu. Mulei akafungua mdomo, nikamtikisia kichwa. Kama ningesema mimi, ingekuwa neno langu na neno lake, na ile barua ilikuwa imenionyesha neno la nani lina nguvu.

Ndipo nikaona gauni la njano likija katikati ya viti.

Alikuwa ametoka kwenye kreti. Alitembea juu ya lile zulia bila sauti, akafika ukingoni mwa jukwaa, chini kabisa ya flaski, akasimama kwa vidole vya miguu kama anavyosimama kwenye kigoda chetu. Kitu fulani cha zamani ndani yangu kilitaka kumwita arudi haraka, kabla mtu hajafungua mlango akasema neno. Nilikiacha kiite peke yake. Akoth akainua kidole hewani, akafuata herufi moja baada ya nyingine, bila haraka, midomo ikicheza. Bi. Wangechi akainama mbele, kidole chake nacho kikiwa kimesimama juu ya karatasi.

Akoth akageukia watu.

"Imeandikwa Ngendo."